MGB na TR6: gari la wazi halipimwi kwa mwendo peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapisha hivi karibuni, iliyolinganisha magari mawili ya michezo ya Kiingereza yasiyo na paa, yaani MGB na Triumph TR6. Nimeyafungua na kuyafunga magari ya aina hizo mbili kwa miaka mingi, na nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili limeyapa ukurasa mzima. Hata hivyo hukumu iliyotolewa mwishoni, kwamba TR6 ndiyo bora kwa kuwa ina nguvu zaidi na inakimbia zaidi, imenisikitisha. Mwandishi alipima kile kilicho rahisi kupimika, akaacha jambo linalolitenga gari la wazi na gari lingine lolote, nalo ni jinsi lilivyojengwa chini ya miguu ya dereva.

Nianze na jedwali, kwa sababu ndilo lililobeba hukumu yote. Liliweka TR6 yenye sindano za petroli (yaani injini inayorushiwa mafuta kwa shinikizo badala ya kuyavuta kupitia kabureta) na nguvu ya farasi 150 kando ya MGB ya bampa za mpira iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambayo ilikuwa imebakiwa na nguvu isiyofika farasi 70. Huo si mlinganisho wa haki. MGB ilianza kutengenezwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962 na ikaendelea hadi 1980, na katika miaka yake ya kwanza injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, ilitoa nguvu ya farasi 95. TR6 ilitoka Coventry kuanzia mwishoni mwa 1968 hadi 1976, na nayo haikuwa gari moja. Zile zilizopelekwa Marekani, ambazo ndizo nyingi, hazikuwa na sindano hata moja. Zilitumia kabureta mbili za Stromberg na nguvu yake ilikuwa karibu farasi 104. Hata zile zilizobaki Uingereza zilipunguziwa makali kuanzia modeli za 1973, kwa sehemu kwa sababu kemshafti, yaani fito inayofungua vali, ilibadilishwa ili injini itulie zaidi inapozunguka gari likiwa limesimama, na nguvu iliyotangazwa ikashuka hadi karibu 125. Lau mwandishi angeiweka TR6 ya Marekani kando ya MGB ya mwaka 1965, jedwali lake lingesimulia habari nyingine kabisa.

Sikatai kwamba TR6 ya sindano ni gari lenye mbio zaidi, wala sioni sababu ya kubishana na saa. Hufika kilomita 190 kwa saa, wakati MGB huanza kuchoka ikivuka kidogo 160. Kutoka kusimama hadi kilomita 96 kwa saa, TR6 hutumia sekunde 8 na ushei, ilhali MGB huhitaji kama 12. Tofauti hiyo mtu huihisi mgongoni. Lakini atakayenunua mojawapo ya magari haya leo hatalitumia kushindana na saa. Atalitumia asubuhi yenye hewa nzuri, paa likiwa limekunjwa, katika barabara yenye kona, na swali atakalojiuliza baada ya saa moja ni kama gari linakwenda kama kitu kimoja au kama vitu kadhaa vilivyofungwa pamoja.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini. Chukua boksi la viatu, ondoa kifuniko, kisha lishike kwa ncha zake mbili na ujaribu kulipinda kama unayekamua nguo. Litasokota bila ubishi. Rudisha kifuniko, ukibane vizuri, na boksi lile lile litakataa. Paa la chuma la gari la kawaida ni kifuniko hicho, na kila mhandisi anayeliondoa lazima atafute mahali pengine pa kurudishia nguvu aliyoipoteza. Triumph walijibu swali hilo kwa njia ya wazee wao. TR6 imekalia chesisi ya chuma iliyo mbali na bodi, ya ukoo ule ule ulioanza na TR2 mwaka 1953, ikafanyiwa mabadiliko makubwa upande wa nyuma mwaka 1965 ilipotoka TR4A yenye magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake. Bodi hukazwa juu yake kwa bolti. Wale wa MG, chini ya mhandisi wao Syd Enever, walikuwa na chesisi ya namna hiyo kwenye MGA, gari lililoitangulia MGB, wakaamua kuiacha. Bodi ya MGB yenyewe ndiyo mifupa yake: nguvu iko katika boriti za ubavuni chini ya milango, ambazo mafundi huziita sili, katika handaki linalopitisha propela shafti, na katika ukuta unaotenga injini na abiria. Kwa uamuzi huo walipata gari fupi kuliko MGA kwa takribani sentimita 7, huku nafasi ya ndani ikiongezeka, jambo ambalo mtu mrefu hulishukuru mara tu anaponyoosha miguu.

Tofauti hii haihitaji vyombo vya kupimia. Endesha TR6 katika barabara yenye viraka, weka kiganja chako juu ya mlango pale unapokutana na nguzo ya nyuma, na utasikia mlango ukisugua taratibu, ukipanda na kushuka kwa kiasi cha unene wa sarafu, huku dashibodi yake nzuri ya mbao ikitetemeka mbele ya macho yako. Fanya vivyo hivyo ndani ya MGB ambayo sili zake ni nzima. Mtikisiko upo, kwa sababu hakuna gari la wazi la enzi ile lisilotikisika, lakini mlango hukaa mahali pake.

Nimesema sili nzima kwa makusudi, na naomba msomaji anivumilie nieleze jambo moja nililoliona kwa karibu. Nililetewa MGB ya mwaka 1971, nyekundu, iliyong'arishwa hadi unaweza kunyolea ndevu ubavuni mwake. Mwenye gari alikuwa amelipokea kutoka gereji aliyoiamini na akaambiwa kwamba limekarabatiwa lote. Nilipoweka jeki chini ya ubavu na kuanza kuinua, mlango ambao dakika moja kabla ulikuwa ukifunguka vizuri uligoma, na nafasi kati ya ukingo wake na bodi, iliyokuwa ikipitisha ncha ya kidole, ikajifunga kabisa. Tulipokata bati la nje tukaikuta sili ya zamani imo humo humo ndani, imeliwa na kutu hadi inavunjika kwa kidole kama mkate mkavu, na juu yake limechomelewa bati jipya mithili ya bandeji juu ya kidonda kisichooshwa. Sili ya gari hili ina bati la nje, la katikati na la ndani, na nguvu yake hutokana na yote matatu kushikana. Ukiweka la nje peke yake umeweka pambo. Kabla ya kugusa kingine chochote tulichomelea vyuma vya kushikilia kutoka nguzo ya mbele ya kila mlango hadi nguzo ya nyuma, kwa kuwa ukikata sili za MGB bila kuifunga namna hiyo bodi hulegea katikati, na ikishalegea haitarudi katika umbo lake hata ukichomelea kwa ustadi wa aina gani. Kazi ile ilichukua wiki sita. Siku tulipovitoa vyuma vya kushikilia, milango ilifunga kwa kishindo kimoja kidogo, pande zote mbili.

Wapo watakaosema kwamba hadithi hii inaihukumu MGB. Mimi naona kinyume chake. Bati lile lilikuwa likifanya kazi ya kweli, na lilipochoka lilisema kupitia mlango. TR6 huficha ugonjwa wake. Bodi inaweza kuwa imenyooka na rangi inang'aa, huku chesisi ikiwa imeoza kwa nyuma, pale ambapo mihimili inakaribiana na kushikilia mikono ya magurudumu na difrensho, sehemu ambayo maji na tope hukaa bila njia ya kutoka. Pini zinazobeba difrensho huweza kung'oka kwenye chesisi kwa uchovu wa chuma, na dereva wa kwanza kujua ni yule anayesikia mgongano chini yake anapoachia klachi. Ni kweli kwamba bodi ya TR6 inaweza kunyanyuliwa yote na chesisi ikatengenezwa peke yake, na fundi mwenye nafasi ya kutosha huona hilo kuwa baraka. Lakini hiyo ni baraka ya gereji. Barabarani haimsaidii mtu.

Sasa nizungumzie injini ya TR6, kwa sababu sitaki ionekane kwamba nina kinyongo nayo. Ni injini ninayoipenda. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,498, na hujivuta kutoka mwendo mdogo katika gia ya juu bila kulalamika, ikitoa mlio mzito ambao MGB haijawahi kuutoa na haitautoa kamwe. TR5, iliyotangulia mwaka 1967, iliingia katika historia kama gari la kwanza la Uingereza lililotengenezwa kwa wingi likiwa na sindano za petroli, na TR6 ikaurithi mfumo huo uliotengenezwa na kampuni ya Lucas. Mwili wenyewe ulibuniwa upya na kampuni ya Karmann ya Ujerumani, ambao walibadilisha sura ya mbele na ya nyuma wakaacha milango na kioo cha mbele kama vilivyokuwa, na bado gari lilitoka likionekana limechorwa kwa mkono mmoja. Nikiiona imeegeshwa, husimama kuitazama. MGB ni nzuri, lakini TR6 ina kifua.

Shida huanza pale nguvu hiyo inapofika nyuma. Kila gurudumu la nyuma la TR6 huendeshwa na shafti yake yenye meno yanayoteleza, ili urefu wake ubadilike gurudumu linapopanda na kushuka. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, meno hayo hubanana na kukataa kuteleza, na nyuma ya gari huchuchumaa. Ukiachia ghafla katikati ya kona, hufunguka mara moja na mkia wa gari hurusha kiuno upande. Dereva aliyelizoea hujifunza kutoachia mafuta kwenye kona. MGB ina ekseli moja ngumu inayokalia springi za bapa, teknolojia ya gari la mizigo, na wachambuzi wengi wameidharau kwa hilo. Nayo huruka kidogo kwenye mashimo, sikatai. Lakini tabia yake katika kona ya leo ni ile ile ya kona ya jana, na mtu anayeendesha huku upepo unampiga usoni huthamini jambo hilo kuliko karatasi ya vipimo inavyoweza kuonyesha.

Kuhusu mfumo wa mafuta nina maneno mengi, kwa sababu hapo ndipo wamiliki wengi hukatia tamaa. Sindano za TR6 ni za kimakanika tupu. Pampu ya umeme iliyo kwenye buti husukuma petroli kwa shinikizo kubwa hadi kwenye kifaa cha kugawia kinachozungushwa na injini, ambacho hupima tone la kila silinda kwa kusikiliza mvuto wa hewa kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa. Kikiwa sawasawa, ni saa ya Uswisi. Lakini tangi likikaribia kwisha siku ya joto, petroli inayozunguka na kurudi huwa imeshapata moto, pampu hupata moto pamoja nayo, mvuke huingia, na injini huanza kukohoa silinda moja baada ya nyingine. Ndiyo maana magari mengi yaliyobaki yamewekewa pampu ya Bosch ya miaka ya baadaye, na wengine wakakata tamaa wakarudisha kabureta. Si kosa la wazo. Ni wazo lililofika kabla ya mafundi wa kuliangalia.

MGB ya miaka ya sitini na ya mwanzo wa sabini ina kabureta mbili za SU, na naweza kumfundisha mtu yeyote mwenye subira kuzitunza kwa siku moja. Unafungua kifuniko kidogo cha juu, unavuta fito yake, unaangalia kama mafuta mepesi yamepungua, unaongeza matone machache. Kisha unawasha injini ipate moto, unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, halafu ya pili, ukigeuza skrubu robo duara hadi mivumo miwili ifanane. Hakuna kompyuta wala chombo cha bei. Yapo mambo machache maishani mwangu yaliyonipa utulivu kama kusikia kabureta mbili zikikubaliana.

Breki na usukani havinipi la kusema sana: yote mawili yana diski mbele na ngoma nyuma, na usukani wa yote mawili ni mwepesi kuelekeza. Paa la TR6 hukunjwa kwa urahisi zaidi kuliko lile la MGB za mwanzo, ambalo fremu yake na turubai lake vilitolewa na kuhifadhiwa kwenye buti, na yeyote aliyewahi kulisimamisha mvua ikiwa imeshaanza ataipa TR6 alama hiyo bila kusita.

Na MGB ina madhambi yake, ambayo makala yenu yangeweza kuyataja kwa haki kuliko mwendo. Hadi 1967 gia ya kwanza haikuwa na kifaa cha kulainisha mwingilio wa meno, kwa hiyo ukitaka kuiingiza gari likiwa linatembea ilibidi uwe na miguu yenye adabu. Injini za kwanza kabisa zilikuwa na beringi kuu tatu tu za kushikilia krankishafti, yaani fito kuu inayozungushwa na pistoni, zikawa tano mwishoni mwa 1964. Mlango hupasuka rangi na bati karibu na mguu wa kioo kidogo cha pembeni, na kuziba ufa huo bila kushughulikia kinachouvuta ni kupoteza muda. Zito kuliko yote ni uamuzi wa mwaka 1974, pale sheria za Marekani kuhusu bampa na kimo cha taa kutoka chini zilipowafanya watengenezaji wavike gari bampa kubwa za mpira na kulinyanyua juu zaidi ya sentimita mbili. Kisha wakaondoa hata fito ya mbele iliyokuwa ikizuia bodi isilale kwenye kona, na gari likawa linayumba kama mashua hadi waliporudisha fito hiyo na kuongeza nyingine nyuma kwa modeli ya 1977. Gari la miaka hiyo sililitetei, ingawa yanayotoka huko yanaweza kushushwa na kurekebishwa, na nimefanya hivyo zaidi ya mara moja.

Kuna jambo la mwisho ambalo makala haikuligusa kabisa. MGB zilitengenezwa zaidi ya 500,000, zikiwamo zile za paa gumu, wakati TR6 zilipita kidogo 90,000. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa bodi mpya kabisa za MGB, zikikandwa kwa mitambo ile ile ya zamani, miaka minane baada ya gari lenyewe kusimamishwa. Fikiria maana yake: gari ambalo bodi yake ndiyo uhai wake, na ambalo kwa sababu hiyo lilipaswa kuwa la kwanza kufa kwa kutu, ndilo lililopewa nafasi ya kuzaliwa upya.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ningeulizwa mimi lipi lichukuliwe na mtu atakayeliendesha kila wiki, ningesema MGB ya bampa za chuma yenye kabureta mbili na ovadraivu (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini kwenye mwendo mrefu), iliyotengenezwa kati ya mwishoni mwa 1967 na 1974, na ningelisema hilo huku nikiutamani mlio wa ile nyingine.

Lakini kabla msomaji hajatoa hata senti kwa lolote kati ya hayo mawili, namwomba afanye majaribio mawili ambayo muuzaji mwaminifu hatayakataa. Kwa MGB, afungue mlango na kuufunga, aweke jeki chini ya ubavu ainue kidogo, kisha aufungue tena; ukigoma, aelewe kwamba rangi inaficha kazi ya wiki sita. Kwa TR6, injini ikiwa imezimwa na gari limezuiwa lisitembee, ainame mbele ya boneti na kuitazama puli ya krankishafti wakati mwenzake anakanyaga klachi. Ndani ya injini ile kuna washa, yaani vipande bapa vya chuma, za nusu duara zinazoizuia krankishafti isitembee mbele na nyuma. Zikilika huweza kudondoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na chuma kikaanza kula chuma. Puli ikionekana kwa macho ikisogea kuja mbele, amrudishie mwenye gari ufunguo.

Wako mwaminifu,
Fundi wa magari ya zamani na msomaji wako wa siku nyingi